Mkono wa Bi Salha Siniani

Tangu Bi Salha apasuliwe tumbo ili apungue mwili, matonge machache yalimtosha. Daktari alimwambia akishiba aache. Lakini nyumba ile walikula sinia moja, na mama akiondoa mkono, wote huondoa. Basi akawa anajilazimisha ili wajukuu washibe, kisha huenda uani kutapika.

Leo binti yake, Rukaiya, alimpakulia kando, wali kidogo kwenye kisahani cha kikombe.

Bi Salha alikitazama. “Mmeanza kunitengea chombo? Nina maradhi gani ya kuambukiza?”

“Huna, mama. Ni hilo tumbo.”

“Tumbo hili ndilo lililokuzaa.”

Akakisukuma kisahani, akasogea siniani. Baada ya matonge matatu jasho lilimtoka puani.

“Mama, inatosha. Wao watakula tu.”

“Nani kala nikiwa nimeshanawa?”

Akafinyanga tonge jingine, asilitie mdomoni. Akalifinyanga tena na tena, mkono ukiwa pale pale juu ya wali. Wajukuu wakala mbiombio, macho yao kwenye mkono ule, na Rukaiya akautazama pamoja nao.