Anayeanzisha Ni Mpiga Ngoma

"Bado dakika moja!" fundi wa redio yao akasema, na kapteni akamwekea mjomba wangu bastola kisogoni.

Askari wa adui walitukamata bendi nzima juzi, pamoja na vyombo. Sasa tulikuwa studio, tupige wimbo wao wa ushindi moja kwa moja hewani, ili wenzetu wanaopigana wasikie tumesalimu amri.

"Wewe ndiye mkubwa wao," kapteni alimwambia Mjomba. "Ukileta ujanja, unakufa."

Aliona mtu kasimama mbele na maiki, akadhani ndiye. Kwenye bendi yetu wimbo anaanzisha mpiga ngoma, na wengine wanafuata bila kuuliza. Mpiga ngoma ni mimi, na mimi hakuna aliyeninyooshea hata kidole.

Mdomo wa Mjomba ulikuwa umepasuliwa na kitako cha bunduki. Damu ilikuwa imekaukia kidevuni. Mimi jasho lilinitoka mpaka fimbo zikawa zinateleza. Nikianzisha wimbo wetu badala ya wao, risasi haiji kwangu, inakwenda kwake.

Taa nyekundu ikawaka. Tulikuwa hewani. Mjomba akageuka, bastola ikageuka naye.

"We mpwa, mbona umeganda kama bwana harusi?" akasema kwenye maiki. "Piga kitu watu wacheze!"

Askari wakacheka. Wimbo wao ni wa kwata, hauchezeki hata ukiwa umelewa.

Nikafuta viganja kwenye suruali, nikaanzisha wetu. Gitaa na besi zikaingia hapohapo, kapteni hajajua bado anasikia nini.