Milima ya Alliance

Kila siku ya soko, Papa Athanase alikwenda Sake kuangalia milima ikirudishiwa majani yake.

Hakununua kitu. Aliwapita wauza maharagwe na wenye pikipiki, akaingia katika kibanda cha Alliance, binti aliyewapiga watu picha za vitambulisho ili apate chakula. Kazi aliyoipenda ilikuwa nyingine. Alipanda pikipiki akaenda kupiga picha milima ya Masisi na misitu ya Walikale, kisha akaketi kwenye kompyuta na kuzitengeneza. Alifuta mahema ya wakimbizi. Alifuta miti iliyoungua. Nyumba iliyobaki kuta tu aliivika mabati, na malishoni akarudisha ng'ombe. Wala hakumficha mtu kwamba anazibadilisha.

"Sidanganyi," alisema. "Ninakumbuka tu."

Wapo waliosema anamaliza umeme bure. Papa Athanase, aliyechunga ng'ombe tangu utoto, aliona zaidi yao. Mwingine angeupaka mlima kijani kimoja kama anapaka mlango. Binti huyu alijua kwamba kijani cha asubuhi baada ya mvua si kile cha saa tisa, na kwamba ukungu hukawia bondeni wakati kilele kimekwisha kuota jua. Mara nyingine mzee alimwelekeza: zizi lilikuwa huku, maji yalishukia kule. Alliance alisogeza alichoambiwa, na mzee akainamia kioo, akitazama.

Mlima mmoja tu hakuwahi kuutaja. Ulikuwa wake, juu ya njia ya Kitshanga.

Vita vilimkuta mbali na nyumbani, amepeleka ng'ombe wawili sokoni. Njia ikafungwa nyuma yake. Waliokimbia walimwambia kwamba mlima mzima umeungua, na kwamba njiani hawakumwona mke wake, Kayitesi. Zamani Kayitesi alianguka na pikipiki, na goti lake la kulia halikukunjika tena. Mwanamke mwenye goti kama lile hakimbii. Papa Athanase alingoja mwaka mzima, kisha akamwomba padri amsomee misa ya marehemu. Tangu hapo hakuweza kutulia. Kutoka kambini alikokimbilia hadi sokoni, kutoka sokoni hadi kambini, miguu ilimtembeza yenyewe.

Juma lile pikipiki zilianza kupita tena njia ya Kitshanga. Papa Athanase alipoingia kibandani, mlima wake ulikuwa kwenye kioo cha kompyuta.

Alijua ni wenyewe kabla hajavuta pumzi. Anga lilikuwa la kijivu, rangi zimepauka, kazi ya haraka isiyofanana na mkono wa Alliance. Lakini nyumba ilisimama. Na mbele ya mlango aliketi mwanamke akisukasuka kibuyu cha maziwa, mguu wa kulia ameunyoosha mbele kama mti.

Mzee alitoka nje. Akarudi. Akatoka tena, akasimama kati ya magunia ya watu bila kujua anatafuta nini. Ng'ombe, sawa. Mabati, sawa. Ila bila shaka kuna mtu kambini aliyemsimulia binti huyu habari za lile goti, naye akamweka Kayitesi pale kama pambo.

Aliingia mara ya tatu, akagusa kioo kwa kidole.

"Mutoto wangu, kazi yako naipenda. Lakini wafu usiwarudishe. Mutoe huyu mama."

Alliance alimtazama asimwelewe.

"Nimutoe sababu gani, Papa? Hii foto sijaigusa bado. Niliipiga juzi, na huyu mama njo yeye alinipatia maziwa."