Kiuno cha Elkana

Tirza alipopigiwa simu kwamba mumewe Elkana, aliyekaa mateka mwaka mmoja na nusu, angeachiliwa jioni ile, alitoa suruali ya Elkana kabatini akaanza kuipunguza kiuno.

“Wifi, utajuaje amekonda kiasi gani?” aliuliza Hadasa, dada wa Elkana.

“Nakisia tu.”

Redio ikatangaza kwamba kabla ya mapigano kusitishwa alfajiri, kombora lilimuua mama na wanawe watatu ng'ambo ya ukuta wa mpakani. Hadasa alinyoosha mkono aizime. Tirza akamzuia.

“Labda naye alikuwa na mtu anayemngoja leo,” alisema.

Jioni basi jeupe lililowabeba mateka walioachiliwa liliingia mjini taratibu, mapazia yamefungwa. Tirza alitembea ubavuni mwake, kiganja kikiwa juu ya kioo.