Mukeke wa Mgeni

Samaki aina ya mukeke aliletwa mzima, kichwa hadi mkia, akiogelea katika mafuta ya mawese, na Karim alikuwa amekula nusu yake kabla hajakumbuka kilichomleta.

Alikuja kukata watu. Ofisini Uvira hawakusema hivyo, walisema "kupanga upya orodha", lakini maneno matamu hayakumdanganya Karim, mtoto wa wachuuzi. Wafadhili walikuwa wamepunguza fedha. Katika safu hii ya kambi, mbele kidogo ya Makobola, nyumba kumi za wakimbizi zilipata unga, maharagwe na mafuta kila mwezi. Moja lazima itoke leo, na kuichagua ilikuwa kazi yake.

Nyumba saba za kwanza zilimtia aibu. Kila jiko lilikuwa limepoa. Aliandika alichokiona kwa macho, kama alivyoagizwa, akatoka ameinamisha kichwa.

Sasa hii ya nane, kwa Gloriose, ilimpa ahueni. Bugali moto, samaki, sombe ya majani ya muhogo yenye mafuta ya kutosha.

"Kula, papa," Gloriose alimwambia. "Weye umetembea na jua tangu asubuhi."

Karim aliwakaribisha wenyeji wake kula naye. Gloriose akasema wao walishakula. Watoto wake watatu walikaa ukutani wakitazama sahani, bila hata mmoja kunyoosha mkono, na Karim akawasifu kwa adabu yao. Alipouliza kuhusu baba yao, aliambiwa Gracien analima mashamba ya watu. Basi, alijisemea, kibarua kinalipa. Hawa watajitegemea. Lakini roho ilimwuma vilevile, kwa sababu mama huyu alikuwa mwema kwake.

Alinawa, akafungua tableti. Samaki wiki hii? Ndiyo. Mafuta? Ndiyo. Milo? Akahesabu mlo aliouona. Mashine ikatoa jibu: waondolewe. Karim akavuta pumzi, akabonyeza kutuma. Jibu likishatumwa halirudi. Ofisi iliitengeneza mashine hivyo kusudi watu wasioneane huruma.

Hakuweza kumwambia usoni. Majina yangesomwa Ijumaa, na siku hiyo yeye angekuwa mbali. Gloriose alimsindikiza hadi njiani akitabasamu, akamwombea safari njema, na Karim akaitikia huku akitazama chini.

Katika nyumba ya tisa, ambayo bado alipaswa kuiandika, alimkuta mjane mmoja, Concilie, ameketi mlangoni. Jiko lake nalo lilikuwa limepoa. Kabla Karim hajasema lolote, mama huyo alimwuliza kama ndiye yule mgeni aliyekula kwa Gloriose. Karim akakubali.

Concilie akasogea ampishe, akafuta kizingiti kwa kitenge chake.

"Utusamehe, papa, hapa hakuna tena kitu ya kukupatia," alisema. "Tulisikia unakuja, tukachanga nyumba zote kumi. Wengine unga, wengine mafuta, minye mwenyewe nikauzisha sufuria, tukapata samaki. Tukapikia kwa Gloriose sababu yeye peke yake njo iko na kiti. Mutu mwenye kutuletea chakula hawezi kutoka kwetu na njaa."

Karim alibaki amesimama, tableti kwapani.

"Ulishiba?" mama akamwuliza.