Bonge la Udongo

Jumatano, tarehe tano Novemba, asubuhi ilikuwa na mawingu mazito na upepo usiotulia. Uwanjani, kila aliyepangiwa mbolea ya ruzuku alitajwa jina, akasimama na kuonyesha bonge la udongo wa shamba lake. Ndivyo mji ulivyokubaliana, ili wote wajue nani anapewa na analima wapi.

Elikana alipotajwa, alifungua leso yake. Udongo ulikuwa mweusi, wenye unyevu.

"Mwenyekiti, huo wa bondeni kwangu!" Bi Sekela alipaza sauti. "Shamba lake liko mlimani, udongo mwekundu kama tofali."

"Na matofali ndiyo yaliyoumaliza!" mtu akadakia. "Kawauzia mafundi udongo wote, kabaki na mashimo na mawe."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Kaka Elikana, mfuko huu wa mbolea ungeupeleka wapi?"

Midomo ya Elikana ilitikisika kama ya mtu anayesali. Lango la uwanja lilikuwa wazi nyuma yake, angeweza kuondoka. Badala yake alimwendea Bi Sekela, akamwekea bonge mkononi.

"Dada, nisamehe. Ningeuuza."

Matone ya kwanza ya mvua yakaanguka. Bonge likaanza kulainika, maji meusi yakapita kati ya vidole vya Bi Sekela. Hakukunja kiganja.

Elikana akawageukia watu. "Mungu anasikia, nanyi mnasikia," alisema kwa sauti. "Nitayafukia mashimo yale. Msimu ujao nitasimama hapa na udongo wangu."