Kurasa Mia Mbili na Kumi na Mbili

Mama mkwe alikuwa anasoma maneno ya mapenzi ya mkwewe, kalamu nyekundu mkononi.

Yalikuwa yametandazwa juu ya meza ya chakula, kurasa mia mbili na kumi na mbili: kila ujumbe wa simu uliopita kati ya mke huku na mume ng'ambo, umechapishwa kwenye duka la fotokopi. Mke mwenyewe, fundi cherehani, alisimama pembeni na futi yake shingoni, akiomba ardhi ipasuke immeze.

"Mama, si lazima uzisome zote."

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Kesho atazisoma mtu usiyemjua. Bora nianze mimi."

Mama mkwe huyo kila mtu alimwita Karani, ingawa alikuwa amestaafu miaka sita iliyopita. Miaka thelathini alikaa masijala, akipanga mafaili na kuandika barua ambazo wakubwa walitia sahihi tu. Faili la viza ya mkwewe alilishika kama faili la waziri. Pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, cheti cha polisi cha tabia njema, kila kimoja ndani ya mfuko wake wa plastiki. Kisha vya mume: hati za mshahara za miezi sita, taarifa za benki, barua ya mwajiri wake huko ghalani. Jina la kati lilipokosa herufi moja kwenye taarifa ya benki, Karani alimpigia mwanawe simu na kumrudisha benki siku hiyo hiyo, kama mtoto aliyesahau daftari shuleni.

Lakini karatasi za fedha hazikuwahi kuwa tatizo. Mwaka jana afisa wa ubalozi alizipitia, akaridhika, kisha akainua ukurasa wa mazungumzo kwa vidole viwili.

"Hii ni ndoa," aliuliza, "au ni watu wanaopeana taarifa?"

Akataka ushahidi zaidi, na mahojiano yakasogezwa mwaka mzima. Fundi alilia siku tatu. Karani naye alilia, ila yeye alifunga mlango kwanza. Kesho asubuhi ilikuwa nafasi ya pili, na afisa alikwishaonya kwamba ya tatu haipo.

"Hizi za mwanzo weka nyuma kabisa," Karani alisema. "Ndizo zilizotuponza."

Fundi alizipokea. 'Nimefika.' 'Sawa.' 'Umekula?' 'Sawa.'

"Lakini si ndivyo alivyo, Mama?"

"Ndivyo alivyo. Tangu mtoto ana maneno matatu: ndiyo, hapana na nina njaa. Ila afisa atadhani unaongea na fundi bomba."

Fundi alicheka mpaka akakaa. "Hata leo akipiga simu anapumua tu. Lakini tangu tulipokwama mwaka jana, akiandika, we! Sikujua kama ana maneno yale."

"Umbali humfunza mtu," Karani alisema bila kuinua macho.

Akafika ukurasa wa tisini, na fundi akajifunika uso kwa mikono. Pale alikuwa amemlalamikia mumewe kwamba mama yake anakoroma hadi cherehani inatikisika, na kwamba mkono wake wa chumvi haujui kusimama. Chini yake mume alijibu: 'Mvumilie, mpenzi. Mama kama yule hazaliwi mara mbili.'

"Nisamehe, Mama."

"Umesema ulichoona." Karani alipiga alama nyekundu pembeni. "Na jibu ulilopewa ni zuri sana. Hili lisipotee."

Alivua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la gauni. Fundi alikuwa akipekua kurasa kwa haraka, jasho limemtoka.

"Ile ya uzi siioni! Niliyoipenda kuliko zote!"

"Mia na arobaini, chini," Karani alisema, miwani ikiwa bado mkononi.

Kweli ilikuwa pale. 'Hata bahari ziwe ngapi, uzi umeushika wewe. Vuta, nitakuja.' Fundi aliisoma kwa sauti hadi mwisho, kisha akaishusha karatasi.

"Akiniuliza swali nikakwama je, Mama? Nikashindwa kumwonyesha kwamba huyu mtu ananipenda kweli?"

"Mwandikie mumeo. Hiyo hofu si ya kubeba peke yako."

Fundi akachukua simu, akaandika: 'Naogopa kesho.' Akatuma, akaiweka kifuani.

Haikupita dakika, simu ya Karani ikalia mfukoni.

"Matangazo," Karani alisema, akinyanyuka. "Hawa watu wa kampuni ya simu hawana hata haya. Ngoja nikatazame sufuria, isije ikaungua."

Jikoni hapakuwa na sufuria motoni. Karani alisukuma mlango nyuma yake, akavaa miwani, akausoma ujumbe wa mwanawe: 'Mama, anaogopa kesho. Na mimi naogopa. Nimjibu nini?'

Aliegemea sinki, akaandika kwa kidole kimoja, akaufuta mstari wa pili, akauandika upya kama alivyozoea kazini, kisha akatuma.

"Mama!" fundi akaita kutoka mezani, analia na kucheka kwa pamoja. "Amejibu! Njoo usikie alivyoandika!"

"Kimbia ukaichapishe kabla duka halijafungwa," Karani akajibu, akivua miwani. "Hiyo ndiyo tutakayoiweka juu."