Mazoezi Bila Joho

Joho halikuwapo. Kuhani alipekua chumba chote cha mavazi, akainua kofia za bati za wanajeshi wa angani, akachungulia hadi nyuma ya kiti cha enzi cha mbao. Wapi!

“Limepelekwa kufuliwa,” shemeji yake alisema kutoka mlangoni. “Leo ni mazoezi tu. Fanya na shati lako hilohilo.”

Shemeji huyo ndiye aliyekuwa mwongozaji wa tamthilia. Alikuwa kaka wa mkewe, ndiye aliyemtoa kwenye kuuza mitumba akamfundisha kuigiza, na kabla ya yote hayo walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana tangu shuleni. Siku hiyo macho yake yalikuwa mekundu, na kila alichoshika kilimponyoka.

Kuhani lilikuwa jina la kwenye televisheni tu, ila mtaa mzima ulishasahau lile alilopewa na mama yake. Tamthilia ilihusu chombo kikubwa kilichopotea kati ya nyota, watu wake wakigawiwa hewa kwa kipimo. Aliyempigia Mtawala goti ndiye aliyepumua vizuri. Kuhani peke yake alithubutu kumwambia Mtawala usoni: “Pumzi si yako, ni ya Mungu.”

Alisema alivyoandikiwa, basi. Kumbe! Haukupita muda maneno yale yakaandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa soko. Watu wakaanza kumletea wagonjwa nyumbani awaombee. Yeye huyo, ambaye kusali kwenyewe alikuwa akisali kwa kukumbushwa na mkewe! Mwanzoni aliwafukuza. Baadaye akawaombea ili waondoke. Mwisho akajikuta anaamini anachokisema, na sebule yake ikawa inajaa watu kila wiki.

Wakubwa wa serikali hawakupendezwa. Ujumbe ukashuka kwenye kituo cha televisheni: Kuhani akane na kutubu mbele ya Mtawala, la sivyo tamthilia ifungwe.

Alikuwa amekataa katakata, na hata sasa, bila joho, alikuwa bado anasitasita.

“Watu wananiamini, shemeji. Nikikana, nitawatazama kwa macho gani?”

“Na sisi je?” shemeji akauliza. “Mafundi taa, washonaji, wote wamwage unga kwa sababu ya maneno ya kuigiza? Dada yangu na wanao watakula imani? Nakuomba, ndugu yangu. Mimi sijawahi kukuomba kitu.”

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomvunja. Aliyekutoa matopeni akikuomba, utamkatalia kwa mdomo upi? Kuhani akashusha pumzi.

“Haya. Liwalo na liwe.”

Studioni hakukuta nyota wala kiti cha enzi. Palikuwa na meza, kiti, glasi ya maji na ukuta wa kijivu. Nyuma ya kamera alisimama mtu mgeni, mnene, asiyejua hata kusalimia.

“Yule wetu yuko wapi?”

“Anaumwa,” shemeji akajibu haraka.

Kuhani akapitia maneno aliyopewa. “Mbona chombo hakitajwi? Wala nyota, wala hewa? Na Mtawala huku kaitwa Mkuu?”

“Watazamaji wanajua.” Shemeji alikuwa anaongea na sakafu. “We sema tu ‘mimi’. Yakikugusa wewe, yatawagusa na wao.”

Haki ya Mungu, Kuhani hakuwahi kuigiza vile. Alisema amewahadaa watu kwa jina la Mungu. Alisema waliofika kwake kusali walifika kupanga uasi, na kwamba yeye ndiye aliyewachochea. Alipofika kwenye kumwomba Mkuu msamaha, machozi ya kweli yakambubujika, maana aliona anamzika Kuhani kwa mikono yake mwenyewe. Yule mgeni akazima kamera, akaondoka nayo bila kuaga.

Shemeji alimkumbatia, akawa hamwachii.

“Nenda nyumbani,” alimwambia. “Kaa na mkeo. Kaa na watoto.”

“Kwani nasafiri?” Kuhani akamtania.

Shemeji akageukia ukuta.

Jioni ile mkewe aliwasha televisheni mapema, asikose tamthilia. Kuhani alikaa kando yake, ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani.

“Leo nimemkana Mungu, mama watoto. Nimefanya kwa ajili ya kaka yako.”

“Mungu gani asiyejua kwamba huko ni kuigiza?” Mkewe akamminya bega. “Nawe unajisumbua. Kaka hawezi kukuingiza shimoni. Bora ukasikia maneno yake kuliko kukosa kazi.”

Moyo wa Kuhani ukatulia kidogo. Pengine mke alisema kweli. Joho lingerudi kutoka kufuliwa, wangerekodi vizuri, watu wangenuna siku mbili tatu kisha wangesamehe.

Taarifa ya habari ikaanza. Picha ya kwanza ilikuwa yake. Alikuwa amekaa mbele ya ukuta wa kijivu, kavaa shati lake, analia.

“Eh! Mbona wamekuweka kwenye habari?” mkewe akauliza, akicheka nusu.

Kuhani alisogea karibu na televisheni. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema watu walifika kwake kupanga uasi.

Nje gari lilisimama, kisha mlango ukagongwa.

“Huyo kaka!” Mkewe alisimama akijifunga khanga vizuri. “Kaja mwenyewe, atatueleza.”

Akaenda kufungua. Kwenye televisheni picha ya Kuhani akilia iliondolewa, akarudi msomaji wa habari, akarekebisha tai na kushusha sauti kwa heshima.

“Baada ya kukiri makosa yake, mtuhumiwa aliugua ghafla akiwa kizuizini. Amefariki dunia jioni hii.”